Nyinyoro na Yungiyungi: Maua ya Msituni katika Tafsiri za Kiswahili

Wafasiri wa Kiswahili wameshindwa na maua mara nyingi kuliko walivyoshindwa na falsafa. Neno la sheria au la dini likikosekana, mfasiri hulitafuta katika Kiarabu, au huliunda kwa viungo vya Kibantu, na baada ya miaka kumi hakuna akumbukaye kuwa lilikuwa geni. Ua halikubali kutendewa hivyo. Ua lina udongo wake, mwezi wake na harufu yake, na msomaji ambaye hajapata kuliona hawezi kupewa mambo hayo yote kwa neno moja lililoundwa ofisini. Ndiyo sababu tafsiri nyingi hutaja "maua" tu, pasipo jina, kana kwamba nchi za kigeni zina ua la aina moja.

Mfano mzuri ni ua ambalo Waingereza huliita bluebell. Ni mmea mdogo wenye tunguu chini ya ardhi. Katika Aprili na Mei, wakati mialoni na miti mingine iliyopukutika kwa baridi haijamaliza kurudisha majani yake, jua hufika chini ya msitu kwa majuma machache. Ndani ya majuma hayo mmea huu huchanua kwa haraka, na nguvu ulizozipata huziweka akiba katika tunguu. Kivuli kikisha kufunga, kazi yake ya mwaka karibu imekwisha. Hauko peke yake, kwa maana yako maua mengine ya msituni yafanyayo haraka hiyo hiyo, mengine yakitangulia hata kabla theluji haijayeyuka. Lakini huu hutandika ardhi nzima kwa rangi moja, hata mtu asione pa kukanyaga. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya mimea yote ya aina hii duniani imo Uingereza, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1981 imeulinda dhidi ya wachimbao matunguu yake kwenda kuyauza. Basi jina hili likitajwa katika shairi au hadithi, Mwingereza haoni ua peke yake. Huona mwezi maalumu, na kivuli ambacho bado hakijafika.

Mfasiri atafanyaje? Njia iliyo karibu ni kulitafsiri jina vipande vipande na kusema "kengele ya buluu". Njia hiyo haina faida. Kengele katika Dar es Salaam ni ya shule, ya kanisa, na ya baiskeli ya mwuza barafu. Msomaji akaaye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akiambiwa kuwa msitu umejaa kengele za buluu, atadhani anasimuliwa habari za majini. Njia ya pili ni kulichukua jina kwa sikio na kuliandika "blubeli". Wako wasemao kuwa Kiswahili hakipendi njia hii, nao hawasemi kweli. Kariakoo yenyewe ni ushahidi dhidi yao. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichokuwa na kambi mahali hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Watu walilisikia, wakaliweka irabu zao, na leo hakuna jina la Kiswahili zaidi ya hilo. Lakini Kariakoo lilifaulu kwa kuwa wapagazi wenyewe walikuwapo, na kambi yao ilionekana kwa macho. Sikio hupokea jina la kitu kilichopo mlangoni. "Blubeli" halina mlango wa kubisha.

Kabla ya kuitazama njia ya tatu, yapasa kusema neno juu ya majira, kwa sababu kosa la maua huanzia hapo. Mwaka wa pwani hugawanywa kwa pepo na mvua: kaskazi na kusi, masika na vuli, na kipupwe katikati. Mwaka wa Ulaya hugawanywa kwa joto na baridi, na kwa majani ya miti. Wafasiri wameyachukua majina ya mwaka mmoja na kuyabandika juu ya mwaka mwingine, na matokeo yake ni ya kustaajabisha. Majira ambayo miti ya Ulaya hupukutisha majani sasa huitwa "vuli" katika magazeti na katika matangazo ya redio za ng'ambo. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, mvua ziamshazo kila kilicholala ardhini! Mtoto wa Dar es Salaam husoma kuwa katika vuli dunia hunyauka na kulala, naye akitazama dirishani huona majani mabichi yakitokea hata katika nyufa za barabara, na mkrismasi ukianza kuwaka. Jina hilo mkrismasi, liwe zuri au lisiwe, ni tendo la lugha lililo sahihi kabisa: mti ulioletwa kutoka Bukini umepewa jina kwa mwezi wa kuchanua kwake. Watu wa mji wanajua kuwa ua ni saa. Wafasiri ndio waliosahau. Istilahi "majira ya kuchipua" ni ndefu, lakini haisemi uwongo, nayo yafaa kushikwa.

Wafasiri wa Biblia walilikuta tatizo hili mapema. Tafsiri ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952 ili kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri ya Kiunguja na wale wa tafsiri ya Kimvita, huyaita majira ya joto na ya baridi kaskazi na kusi katika kitabu cha Mwanzo. Yaani waliufasiri mwaka wa Palestina kwa pepo za Bahari ya Hindi. Mtu aweza kulalamika kuwa pepo hizo hazifiki Yerusalemu. Walakini jambo lililo muhimu zaidi wamelifanya katika Wimbo Ulio Bora, sura ya pili, mahali ambapo bibi arusi hujifananisha na ua la mabondeni. Tafsiri ya Kiingereza ina neno la jumla la jamii ya mayungi, na Mwingereza alisomapo huweza kufikiri, kwa makosa, ua dogo jeupe la msituni lichanualo kwao mwezi wa Mei na liitwalo kwa jina hilo hilo. Union Version imeandika nyinyoro.

Nyinyoro ni nini? Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan, hulitambua jina hili kuwa ni la mmea wenye tunguu, utoao kichwa kikubwa cha maua mekundu mwanzoni mwa mvua. Wataalamu wa mimea waliuita zamani Haemanthus, na sasa huuita Scadoxus multiflorus. Tunguu hulala ardhini wakati wa ukame wote, pasipo jani wala dalili. Mvua za kwanza zikianguka, bua moja huchomoza, mara nyingi kabla ya majani, nalo hubeba mpira wa maua madogo mengi sana, mia moja na zaidi, yenye nyuzi zilizosimama kama miale. Huishi hivyo kwa muda mfupi, kisha majani huchukua zamu. Ni mmea wa vichaka na wa vivuli vya misitu, na umeenea katika sehemu kubwa ya Afrika.

Huo ndio ulinganifu wa kweli. Hapa hakuna ulinganifu wa rangi, kwa kuwa bluebell ni samawati na nyinyoro ni nyekundu, wala wa umbo. Ulinganifu uko katika maisha ya mimea hii miwili. Yote miwili hulala katika tunguu, yote miwili huwahi, na kuonekana kwake ni habari ya kuwa mwaka umegeuka. Mmoja huwahi kivuli na mwingine huwahi mvua, na tofauti hiyo ni tofauti ya nchi zenyewe: Uingereza kinachokuwa haba chini ya mti ni mwanga, na pwani ya Afrika ya Mashariki kinachokuwa haba ni maji. Waliochagua neno nyinyoro, wawe ni wafasiri wa 1952 au waliowatangulia, hawakuuliza ni ua lipi linalofanana na ua la Palestina kwa sura; waliuliza ni lipi linalofanya kazi yake. Na katika kitabu cha Hosea, ambako taifa lililoanguka huahidiwa kuchanua tena kwa umande, neno hilo hilo lina nguvu ambayo hata Kiingereza hakina, kwa kuwa msomaji aijuaye nyinyoro amekwisha kuiona ikitoka katika ardhi tupu.

Tafsiri za baadaye zimeliacha. Katika Wimbo Ulio Bora, badala ya nyinyoro zimeweka yungiyungi. Sababu yaweza kukisiwa: nyinyoro halifahamiki tena, na yungiyungi lina sauti nzuri. Lakini yungiyungi ni ua la majini. Hukaa juu ya madimbwi na maziwa, jani lake likielea, na rangi yake pwani mara nyingi ni ya samawati. Katika aya ifuatayo ya sura ile ile ua hili husemwa kuwa limo kati ya miiba. Msomaji wa Kiswahili aijuaye lugha yake sasa ana kazi ya kufikiri dimbwi lenye miiba, na baadaye kidogo kundi lilishwalo juu ya maji. Kosa la namna hii halionekani katika kamusi, ambako neno hukaa peke yake. Huonekana pale ua linapowekwa jirani na vitu vingine.

Haki yataka upande wa pili usikizwe. Neno la Kiebrania lililo hapo, shoshana, huhusishwa na neno la Kimisri la kale lililokuwa jina la ua la majini la mto Nili. Kwa hiyo mtetezi wa yungiyungi aweza kusema kuwa amelirudisha neno katika asili yake. Hoja hii ni nzito kwa mwanaisimu, nayo penye nguzo za hekalu la Sulemani, zilizochongwa kwa mtindo wa maua yaliyojulikana Misri, haina mpinzani. Ila asili ya neno si maana yake. Neno huhama pamoja na watu, nao hulitumia kwa ua walilolikuta. Mshairi wa Kiebrania alipoandika juu ya miiba na mabonde hakuwa ukingoni mwa Nili, na wafasiri wa neno hilo wapaswa kumfuata alikokuwa.

Isidhaniwe kuwa upungufu huu ni wa Waswahili peke yao. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka Ulaya ua dogo la misitu ya Usambara liotalo katika vivuli vya miamba. Wendland alilipa jina la kitaalamu mwaka 1893, Saintpaulia, na neno la pili la jina hilo lina maana ya kuwa ua lake ni kama la urujuani, ambalo ni ua la msituni la majira ya kuchipua ya Ulaya. Wajerumani hata leo huliita urujuani wa Usambara, na Waingereza urujuani wa Afrika. Mimea hiyo miwili haina udugu. Waliona rangi na udogo, wakaridhika. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza ua hilo katika jenasi ya Streptocarpus, lakini vyungu vya madirishani Ulaya havikubadili jina. Ndiyo yungiyungi yao.

Tatizo la nyinyoro, hata hivyo, haliwezi kufichwa: wangapi wanaoijua? Hapa lawama yaangukia kamusi. Kiswahili hakikosi majina ya mimea. Greenway, mtaalamu wa Amani, alikusanya kamusi nzima ya majina hayo, na chapa yake ya pili ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1940. Padre Sacleux, aliyekusanya mimea kwa mkono wake, aliyaingiza mengi katika kamusi yake ya Kifaransa iliyoanza kutoka mwaka 1939. Utajiri huo haukuhamia wote katika kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili. Mara nyingi msomaji hukuta humo kuwa jina fulani ni la "aina ya ua" au la "mmea wenye maua mazuri", maelezo ambayo hayamtengi mwasumini na mchongoma. Hayasemi unaota wapi, unachanua lini, wala kama ni wa kunusa, wa kula au wa kuogopa. (Tunguu la nyinyoro lina sumu, hilo tu lingetosha kumfanya mwandishi wa kamusi achukue kalamu.)

Maua yaliyookoka katika lugha ya kila siku ni yale yenye harufu. Asumini, afu, waridi, kadi, langilangi na kilua yamebaki kwa sababu yamo katika kikuba na katika nywele za bibi arusi. Kilua ni mfano wa kutia moyo. Ni ua la kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na kwa muda mrefu mmea wake ulipandwa majumbani kwa ajili ya harufu yake. Mtaalamu Verdcourt alipoutambua kuwa ni jenasi ya peke yake, mwaka 1970, hakutafuta jina la Kilatini. Aliuita Mkilua fragrans. Sayansi ya dunia imeazima ngeli ya M-MI pamoja na jina. Nyinyoro, isiyo na mahali katika kikuba, haikupata bahati hiyo. Lugha ya pwani imeyahifadhi maua kwa pua zaidi kuliko kwa jicho, na mfasiri asiyelijua jambo hili atazidi kushangaa kwa nini Kiswahili kina majina mengi ya maua na bado hakina jina analolitafuta.

Kariakoo huonyesha hali hii vizuri kuliko maktaba. Wauza dawa za asili katika mitaa ya sokoni wanajua majina ya mimea kwa wingi ambao kamusi haiufikii, ila wanayajua kwa mizizi na magome. Ukiwauliza ua la mti huo likoje, wengi wao ua si sehemu ya biashara yao. Hatua chache kutoka hapo yamejaa maduka ya maua ya plastiki, ya kila rangi na ya kila nchi, nayo yote huitwa maua tu, au mawaridi yakiwa mekundu. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilikuwa na ua nyuma, mahali pa kupikia na kufulia, na penye mrehani au mwasumini katika kopo. Nyumba hizo zimekuwa zikivunjwa kupisha maghorofa, na nyua zimekwenda pamoja nazo. Maneno hayo mawili, ua lenye wingi wa nyua na ua lenye wingi wa maua, hayana asili moja, lakini katika mtaa huu yanaondoka kwa mlango mmoja.

Na msitu wenyewe? Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi haiko mbali. Mtu hutoka Kariakoo asubuhi akafika Pugu kabla jua halijawa kali. Imepunguzwa sana kwa mashamba na kwa mkaa upikiao chakula cha mji. Bluebell ya Kiingereza ilipata sheria kwa sababu watu walikuwa na jina lake midomoni na shairi lake shuleni. Ni vigumu kulitetea ua ambalo kamusi huliita aina ya ua.

Kwa hiyo ushauri wa kurudisha nyinyoro katika tafsiri si ushauri wa kupenda mambo ya kale. Hata hivyo haifai kuandika "nyinyoro" popote Mwingereza asemapo bluebell. Biblia huvumilia ubadilishaji wa namna hiyo kwa kuwa ua la mabondeni ni mfano wa jambo jingine. Hadithi iliyowekwa katika msitu wa Kiingereza haivumilii, kwa sababu humo ua ni lenyewe. Mpira mwekundu wa nyinyoro ukisimama chini ya mwaloni ni uwongo mwingine tu. Iliyo bora ni kuitumia nyinyoro kama daraja, kwa mfano hivi:

"Mwezi wa Mei, miti ikiwa bado haijafunga majani yake, ardhi yote ya msitu hugeuka samawati kwa maua madogo yaliyoinama kama kengele, yatokayo katika matunguu yaliyolala tangu mwaka jana, kama itokavyo nyinyoro mvua za kwanza zikianguka."

Maneno ni mengi, na mhariri mwenye haraka atayakata. Lakini yakisha kusemwa mara moja mwanzoni mwa kitabu, jina la kigeni laweza kufuata baadaye pasipo madhara, kwa kuwa msomaji atakuwa amepewa mwezi, kivuli na tunguu. Lililobaki kusahihishwa ni rangi. Samawati ni rangi ya mbingu ya mchana, nayo ni nyepesi mno kwa ua hili. Buluu ni rangi ya kitambaa na ya wino. Rangi iliyo karibu nalo zaidi iko majini, katika yungiyungi la madimbwi ya pwani, na mfasiri atakayeandika "samawati ya yungiyungi" atakuwa amelikabidhi ua hilo kazi ilifaayo.